Waya wa Kuzimia

Juzi mdogo wangu alinitumia picha. Ni mashine yetu ya kupasulia kuni, imeegemezwa ukuta wa nyuma wa ghala, majani yamepanda hadi kwenye puli kubwa. Chini ya picha akaandika: "Watu wa chuma chakavu wamepita. Tuiuze?"

Shule tuliyokuwa tukiiuzia kuni imeingia kwenye gesi. Tangu Serikali iliposema taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, pale nyumbani tulijua biashara ile haina umri tena. Siilaumu gesi. Mimi mwenyewe hapa Mbagala napikia gesi, na wale wapishi wa shule, ambao macho yao nayakumbuka mekundu kutwa nzima, walistahili kuipata zamani sana. Ila nilipoikuza ile picha sikutazama injini, wala ule msumari wenyewe, koni ya chuma yenye meno iliyokuwa ikipasua magogo. Nilitafuta waya. Bado upo. Umening'inia kwenye mkono wa mafuta wa injini, na mwishoni pana kile kipande cha mpini wa jembe.

Ilikuwa Julai 2009, Njombe ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa. Baba alikuwa ametimiza miaka miwili kaburini, na Mama alikuwa ameibeba zabuni yake ya kuni za shule pamoja na ekari tatu za mikaratusi njia ya kwenda Uwemba. Miti haikuwa shida. Kwetu hakuna anayekosa mti: kuna miwati iliyopandwa kwa ajili ya magome, kuna misindano, na mikaratusi iko kila bonde. Shida ilikuwa shoka. Shule ilikuwa imejenga majiko banifu ya matofali, yale yenye mdomo mdogo, na mtunza stoo akawa hapokei magogo tena. Alitaka kuni za futi mbili, zilizopasuliwa, zisizozidi unene wa mkono. Vijana wa kupasua walitaka hela kabla ya kazi, na msimu wa ulanzi ukifika humpati hata mmoja.

Asiyeujua mkaratusi aniamini katika hili. Ukiwa mbichi unapasuka vizuri, shoka likishuka unaachia na maji yanatoka. Ukichelewa, ukauacha ukauke, nyuzi zake zinajisokota na kushikana, unapiga na shoka linakurudia mikononi. Kwa kuwa hatukuwa na watu, magogo yetu yalikuwa yanakaukia uani yakitungoja. Mama alikuwa akiyapasua mwenyewe alfajiri, kabla ya kwenda shamba. Nililala nikisikia shoka lake na niliamka nikilisikia.

Likizo ile nilikuwa najifunza useremala mjini. Siku moja nilikaza skrubu karibu na mwisho wa ubao wa msindano bila kuutoboa kwanza. Ubao ukapasuka hadi katikati. Nikakatwa pesa ya ubao, na jioni nikamsimulia Mama, nikitarajia pole.

Mama aliweka sufuria chini. "Skrubu moja imepasua ubao mzima?"

"Ndiyo, Mama."

"Skrubu ndogo hivi?" Akanionyesha kidole cha mwisho.

"Ndiyo."

"Basi ikiwa kubwa itapasua gogo."

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba mashine za namna hiyo zipo, zinaundwa viwandani Ulaya na Marekani. Mama hakuwa ameona hata moja. Aliitoa kwenye ubao wangu uliopasuka, na watu wanaponiambia ile mashine ilikuwa kazi ya Fundi, huwa nawasahihisha. Fundi alichomelea. Aliyeifikiria ni Mama.

Injini ilikuwepo tayari, ya kinu cha Baba kilichokufa: dizeli, silinda moja, nguvu ya farasi 12, ya kuwashwa kwa hendeli. Koni ya kwanza Fundi aliizungushia nondo ya milimita 6 kuwa meno, akaichomelea. Ilibanduka kwenye gogo la kwanza kama ganda la chungwa. Ya pili ilitoka kwenye shafti ya lori, ikakerezwa Makambako kwa magunia matatu ya viazi na pesa kidogo: urefu inchi 10, kitako inchi 3, ncha kali kama penseli, meno yamechongwa kwenye chuma chenyewe. Tukaiita msumari. Fundi alipiga hesabu kwa chaki kwenye mlango wa ghala. Puli ya injini inchi 5, puli ya shafti inchi 30. Injini ikienda mizunguko 2,000 kwa dakika, msumari unakwenda kama 330. Nilipouona ukizunguka mara ya kwanza nilifikiri ni mpole.

Kisha ukawa unazunguka kinyume. Badala ya kuvuta gogo ukawa unalisukuma nje. Mimi nilikata tamaa pale pale, nikijua injini haigeuziki. Fundi akacheka, akautoa mkanda, ule mpana wa kinu, akaurudisha ukiwa umepishana katikati kama tarakimu ya nane. Msumari ukageuka. Sijasahau raha ya kuliona jambo lile.

Mwisho akafunga waya kwenye mkono wa mafuta, akauvuta hatua tano kutoka kwenye mashine, akaufunga kipande cha mpini wa jembe. Akaniita.

"Wewe ni wa hapa tu. Usiondoke, usiangalie watu. Ukisikia 'zima', vuta."

Jumamosi asubuhi sakitu ilikuwa bado nyeupe kwenye nyasi. Majirani walikuja, mikono ndani ya mablanketi, watoto mbele. Mama alitaka kuyasogeza magogo yeye mwenyewe. Alivaa sweta mbili, na juu yake kitenge alichokifunga kifuani kwa fundo, kama anayetaka kubeba mtoto mgongoni. Kilikuwa na ndege wa njano. Baridi ya Julai kwetu si ya kuivulia kitenge, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia akivue.

Gogo la kwanza msumari uliligusa tu, ukauma, ukalivuta kwake polepole, kisha ikasikika tah! na vipande viwili vikaanguka kila upande. Harufu ya mkaratusi ikajaa uani, ile kali ya kufungua pua. Watu wakapiga kelele. Mama hakusema kitu. Akaliokota pande moja, akapitisha kiganja kwenye upande uliopasuka, akaliweka chini akafuata la pili. La tatu. La nne. La tano lilikuwa na kifundo cha tawi.

Msumari uliuma, ukaingia, ukafika kwenye kifundo, na gogo halikupasuka. Likaanza kuzunguka lenyewe. Siku hiyo hatukuwa na kitu cha kulizuia chini; hatukujua kwamba kinahitajika. Lilipiga meza ya chuma mara mbili, likachomoka, likaruka upande wa ghala, na watoto wakatawanyika. Mama aliinama kando kulikwepa. Alipoinama, pembe ya kitenge ilikwenda mbele.

Niliona pembe ile ikigusa meno. Ilikwenda taratibu kabisa, hivyo ndivyo ninavyoikumbuka, ingawa haiwezekani ilikuwa taratibu. Ndege mmoja wa njano akajikunja kwenye chuma, akafuatiwa na mwingine, halafu kitenge chote kikawa kamba, na kamba ikanyooka kutoka kwenye msumari hadi kwenye fundo la kifuani kwa Mama. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili kwenye ukingo wa meza, mikono imenyooka, anajisukuma nyuma. Kichwa kimegeukia upande wangu. Mkanda ukaanza kulia kwenye puli, ukiteleza, na harufu ya mpira unaoungua ikaja juu ya harufu ya mkaratusi. Mkanda ule mpana ukizidiwa huteleza. Nafikiri hiyo ndiyo sababu Mama yangu yupo.

Mpini wa jembe ulikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimeushika kwa nguvu hata kucha zikaacha alama kiganjani. Sikuvuta.

Nilikuwa nangoja neno. Niliambiwa nikisikia "zima", nivute, na neno halikuja. Mama hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama, mdomo umefungwa, na mimi nilikuwa namtazama, na masikio yangu yalikuwa wazi yakisubiri kuambiwa.

Fundi alikuwa ng'ambo ya injini. Alikamata fito, akaipitisha chini ya mkanda, akausukuma nje ya puli. Wakati huohuo kitenge kikachanika kwenye fundo na Mama akaanguka kwa mgongo kwenye vipande vya kuni. Msumari ukazunguka mara kadhaa, umevaa kitambaa, ukasimama. Injini, haina mzigo tena, ikawa inakwenda kwa sauti ya juu. Fundi akanijia, akanibandua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye mpini, akavuta waya mwenyewe.

Tangu kitenge kilipogusa meno hadi Mama alipoanguka, hazikuzidi sekunde nne.

Mama alikuwa na mstari mwekundu kutoka shingoni hadi kwapani. Aliletewa chai, akakaa kwenye gogo akainywa yote. Kisha akaomba kisu, akaenda kwenye msumari akaanza kukikata kitenge, uzi baada ya uzi, kwa sababu kilikuwa kimeingia ndani ya meno na kushikana kama kilichoshonewa humo. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusogea. Mchana Fundi alichomelea bapa la springi chini ya msumari, limesimama kama kisu, ili gogo likitaka kuzunguka ligonge hapo na lisimame. Akaongeza na ukingo wa engo kati ya mtu na shafti. Jumatatu Mama alikuwa kwenye mashine amevaa ovaroli ya Baba, mikono imekunjwa juu ya viwiko na kichwa kimefungwa kwa kitambaa kidogo.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda. Kazi ya shoka ya siku nne tuliimaliza alasiri moja. Majirani walileta magogo yao, wengine kwa malipo, wengine kwa kusaidiana. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka pale, na ya mdogo wangu yote. Hakuna mtu mwingine aliyeumia. Shoka la alfajiri lilinyamaza, na ilinichukua muda kuzoea kulala bila kulisikia.

Jioni ile ya Jumamosi Fundi alikuwa amenivuta pembeni akaniambia nisijitese, kwamba hata ningevuta, lile gurudumu zito la injini lingeendelea kuzunguka tu. Niliishika kauli hiyo kwa miaka. Halafu maisha yakanipeleka kwenye gereji, nikakaa na injini nyingi za aina ile, na sasa najua alichosema ni nusu. Injini isiyo na mzigo ukiinyima mafuta huzunguka sana kabla ya kusimama. Iliyokabwa, mkanda unalia, ukiinyima mafuta hufa upesi. Ningevuta, fundo lisingefika pale lilipofika. Pengine. Nimelipiga hesabu jambo hili mara nyingi kuliko Fundi alivyopiga hesabu za puli zake, na kila mara linakuja na jibu tofauti, kwa sababu sijui ni sekunde ya ngapi niliyotambua ninachokiona.

Mama hakuwahi kuniuliza. Nami sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa nangoja aseme.

Jana usiku nilimpigia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umeiona picha?"

"Nimeiona. Mnasemaje, iuzwe?"

"Iuzwe. Injini kivyake, chuma kingine kwa kilo." Akakohoa kidogo. "Kuna mtu wa Lupembe aliitaka nzima. Alitaja pesa nzuri, zaidi ya hawa wa chakavu. Nikamkatalia."

"Kwa nini, Mama?"

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia mdogo wangu akifunga mlango wa kuku.

"Nilimuuliza, kwenye waya atasimama nani? Akasema ana kijana wake, yuko kidato cha pili."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tangu nilipoikuza ile picha, nilikuwa nimeyapanga njiani kutoka gereji, na sasa alikuwa amenifungulia mlango, au mimi ndiye niliyefikiri amenifungulia. Nilivuta pumzi. Yeye alikuwa ameshaendelea, anauliza kama Dar mvua imeanza.

Nikamwambia bado.