Sungura wa tatu amesimama

Saa tano usiku, jiko zima unga, ila sungura wangu wa keki amesimama. Wa kwanza alikatika shingo. Wa pili masikio yote mawili yalibaki ndani ya tini, na mtoto wa dada yangu akanitumia voisi, "mama mdogo, sungura wangu ameshapona?" maana nilikuwa nimemdanganya kwamba anaumwa.

Kilichoniponza ni sifa. Nilitumia rojo langu la siku zote, la mafuta ya maji na mtindi, ile keki ambayo kila anayeila anasema inayeyuka mdomoni. Sasa kitu kinachoyeyuka mdomoni unakisimamishaje wima? Kwenye tini ya duara haina shida, keki imelala zake, lakini sungura ana kichwa kizito kimekaa juu ya kishingo. Mara ya pili nikaenda na sponji ya mayai nikajiambia nyepesi si ndo haitavunjika, wapi, mapovu matupu, unaigusa tu inachanika.

Leo nikameza kiburi nikafanya keki ya vipimo sawa, siagi gramu 250, sukari 250, unga 250, mayai matano, baking pauda kijiko kimoja tu cha chai na maziwa kidogo. Siagi ndo siri yenyewe, keki ikipoa siagi nayo inaganda tena inashikilia kila kitu, mafuta ya maji hayagandi ndo maana ile yangu inabaki laini hata kesho yake. Nimeshaijua hiyo miaka na miaka ila sikuwahi kuifikiria kama habari ya kujenga.

Nilijizuia pia nisipige sana siagi na sukari, nikaishia ilipobadilika rangi kuwa nyeupe nyeupe. Ukiijaza hewa inaumuka kwa fujo halafu inanywea, na pua inatoka na mashimo. Rojo liwe zito, linadondoka kijikoni kwa uvivu. Na usiweke zabibu kavu wala njugu jamani, sikio litakatikia hapo hapo.

Tini ya sungura ni nusu mbili, ya uso na ya mgongo, nimeipaka mafuta ya kupikia ya mgando kwa brashi mpaka kwenye mikunjo ya kope, kisha unga juu yake. Siagi hapana, ina maji na mabaki ya maziwa, inanatisha. Nusu ya uso nikaijaza mpaka ukingoni, nikasukumia rojo puani na masikioni kwa mpini wa kijiko, kila sikio nikalilazia kijiti cha mbao (asubuhi lazima nivihesabu kabla mtoto hajala!!), nikafunika nusu ya mgongo yenye kitundu cha mvuke. Nyuzi 160, kama saa na robo hivi, nikawa napima kwa kijiti kupitia kile kitundu.

Kusubiri ndo kulinitesa. Dakika 15 ndo nikatoa kifuniko, nikamwacha kalala hivyo hivyo mpaka akapoa kabisa, nikaosha vyombo vyote, hata visivyo vichafu. Nikamkata chini pakawa bapa, nikamsimamisha, nikaondoa mkono kidole kimoja kimoja.

Sikio la kushoto limeinama kidogo. Silishiki. Aisingi italifunika, na kama haitalifunika nitasema anasikiliza kitu.