Mbele ya mistari mitatu mjini Ottawa

Treni ya Toronto hadi Ottawa huchukua zaidi ya saa nne, ikipita kwanza pembezoni mwa Ziwa Ontario kabla ya kukata kuelekea kaskazini. Nilisafiri kwenda kuona mchoro ambao bei yake iliwahi kuzua zogo nchini Kanada.

Jumba la Taifa la Sanaa, lililosanifiwa na Moshe Safdie na kufunguliwa mwaka 1988, limejengwa kwa vioo na mawe ya itale, na kutoka ukumbi wake mkuu majengo ya Bunge yanaonekana vizuri. Ndani, katika chumba chenye dari la juu sana, umetundikwa Voice of Fire, ambao Mmarekani Barnett Newman aliuchora kwa ajili ya banda la nchi yake kwenye maonyesho ya Montreal ya mwaka 1967. Una urefu wa zaidi ya mita tano, na una mistari mitatu ya wima: buluu, nyekundu, buluu. Jumba liliununua kwa takriban dola milioni 1.8, na habari hizo zilipoenea mwaka 1990 walipa kodi walihamaki.

Nilisogea karibu kadiri nilivyoruhusiwa, nikitafuta alama ya mkono wa msanii. Ni kweli kwamba ukiutazama kwa muda, ile nyekundu huonekana kama inakujia, hilo silikatai. Lakini mhemko huo uliisha upesi, na baada yake sikuona kitu kingine cha kunishika.

Wala sipingi sanaa isiyo na sura ya kitu. Pale Mwenge, Dar es Salaam, wachongaji wa Kimakonde hutengeneza vinyago vya mtindo wa mawingu ambavyo vingi havina mtu wala mnyama wa kutajika, lakini ukipitisha kidole juu ya mpingo unatambua mahali ambapo patasi ikiteleza mara moja tu kazi yote ingeharibika.

Watetezi watanikumbusha kwamba Black Fire I, mchoro mwingine wa Newman, uliuzwa New York mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 84. Mnada huo unatuonyesha matajiri wako tayari kushindana hadi wapi. Walipa kodi wa mwaka 1990 walikuwa wanauliza jambo tofauti, yaani wamepata nini kwa fedha zao, na mimi niliyesimama mbele ya turubai lile sikupata jibu la kuwapa.