Nilivyoishughulikia Mauser kuukuu ya kuwindia

Mauser niliyoipata, bunduki ya Kijerumani, ilikuwa na kutu kwenye mtutu, ufa kwenye mbao nyuma ya kifyatulio, na kitako kilicholowa mafuta ya bunduki hadi mbao ya mjozi ikawa nyeusi. Niliitaka kwa sababu moja: hakuna aliyewahi kuipiga msasa. Maandishi ya kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, Ujerumani, yalisomeka vizuri na kingo zote za chuma zilikuwa bado kali. Kutu unaweza kuitoa. Kingo zikishaliwa na msasa, zimekwenda.

Kibali kilikuwepo. Kabla ya kugusa skrubu hata moja nilihakikisha haina risasi kwenye chemba wala magazini, kisha nikaipima mtutu. Hapa wengi hupita haraka, na si vizuri. Risasi za bunduki hii, 8x57 (kichwa cha takriban mm 8, ganda la mm 57), ziko za aina mbili: za awali zenye kichwa cha mm 8.08, na zile za S zenye mm 8.20, ambazo jeshi la Ujerumani lilihamia mwanzoni mwa karne ya 20. Watengenezaji wa bunduki za kuwindia waliendelea kutumia kipimo cha zamani muda mrefu baadaye. Ganda ni karibu lile lile, kwa hiyo risasi nene inaweza kuingia kwenye mtutu mwembamba na kupandisha shinikizo hadi kiwango cha hatari. Nilisukuma kipande laini cha madini ya risasi ndani ya mtutu uliopakwa mafuta, kikatoka upande wa pili kimechukua umbo la mifereji yake, nikakipima kwa maikromita. Ilikuwa ya kipimo cha zamani. Chemba na ufungaji wa bolti, kile chuma kinachosukumwa na kuzungushwa kufunga chemba, nilimwachia fundi bunduki mwenye geji zake.

Bolti yenyewe haikuhitaji kitu zaidi ya kusafishwa, ila nilikaa nayo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Muundo huu wa Paul Mauser ni wa 1898, na bunduki nyingi za kuwindia zilizokuja baadaye zimeuiga. Ukucha mrefu ulio ubavuni hauzunguki pamoja na bolti. Huidaka risasi mara tu inapotoka magazini na hauiachii hadi ganda litupwe nje. Mwindaji aliyekabiliana na mnyama hatari hakutaka kubahatisha hapo.

Kutu ya mtutu sikuikwangua. Niliondoa mafuta yote kwa asetoni, nikautumbukiza mtutu kwenye maji safi yanayochemka. Kutu nyekundu ikichemshwa hugeuka oksidi nyeusi ya chuma, ile ile inayoipa bunduki ya zamani rangi yake, kwani viwandani chuma kiliachwa kipate kutu kwa makusudi, kikachemshwa, kikasuguliwa, kikarudiwa tena na tena. Baada ya kuchemsha nilisugua taratibu kwa sufu laini kabisa ya chuma, nayo ikiwa imetolewa mafuta. Weusi uliolegea ukatoka, rangi ya awali ikabaki chini yake. Vishimo vilibaki pia, na kuvifuta kungemaanisha kula chuma.

Mbao ndiyo iliyonichosha. Nilipaka uji wa unga wa chaki na asetoni, ukikauka unanyonya mafuta, nafuta, napaka tena. Mibonyeo niliiinua kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto: mvuke huvimbisha nyuzi zilizobanwa. Mahali nyuzi zimekatika, mvuke hausaidii kitu. Ufa niliuziba kwa gundi ya epoksi, lakini gundi pekee ingekuwa kazi bure. Mkia wa chuma, yaani ncha ya nyuma ya sehemu ya chuma iliyolala ndani ya kitako, ulikuwa unagusa mbao, kwa hiyo kila mlio mkia huo uliipiga mbao kama patasi. Nilipunguza mbao kidogo nyuma yake ili pawe na mwanya mwembamba.

Kumalizia nilitumia mafuta ya kitani, matone machache yakisuguliwa kwa kiganja hadi yapate joto, kisha kusubiri yakauke kabla ya kuongeza. (Matambara yenye mafuta hayo usiyakunje ukayaweka kwenye pipa. Hujipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke.)

Fundi alipendekeza tuchonge upya mistari ya mshikio iliyofifia. Nilikataa. Imelainishwa na mikono ya waliowinda nayo, na kuichonga tena ni kuondoa mbao nyingine. Darubini nayo sikufunga, kwa kuwa kungehitaji kutoboa chuma juu ya maandishi yale yale yaliyonifanya niinunue. Kwa vilengeo vyake vya chuma na risasi za nguvu ya wastani, mita 100 inapiga vizuri kuliko macho yangu yanavyostahili.