Mlenda umeushinda mvinyo wangu

Dodoma, Jumapili usiku

Leo mchana nilikuwa nimejipanga kweli. Ugali wa uwele mezani, bakuli la mlenda kutoka kwa bibi jirani, na chupa ya mvinyo mwekundu mkavu (yaani usio na utamu wa sukari) wa zabibu za Makutupora. Funda la kwanza, kabla sijagusa chakula, lilikuwa safi: uchachu wa kuamsha mate, ukakasi kidogo kwenye fizi, basi. Nikala matonge kadhaa, nikarudi kwenye glasi. Mvinyo ulikuwa umepooza kabisa. Uchachu umetoweka, umebaki uchungu mtupu unaong'ang'ania ulimini.

Bibi hanywi pombe, ni mtu wa kanisa na wa kwaya, lakini alikuwa amekaa pale ananitazama navyokunja uso. Akacheka mpaka akashika magoti.

"Mwanangu, mlenda hautaki mwenzake. Mlenda unataka ugali tu."

"Kwani bibi umetia nini humu?"

"Ni mlenda wa kukausha tu, karanga, chumvi. Na magadi kidogo, ulainike."

Magadi! Nilinyanyuka hapo hapo nikaenda kumwomba kipande. Nikakisaga, nikamimina mvinyo kidogo kwenye kibakuli cheupe, nikadondoshea chembe za magadi. Povu likapanda likifoka. Wekundu ukaanza kukimbia, ukawa zambarau, ukawa bluu iliyofifia, na nilipoongeza magadi ukaishia kwenye kijani kichafu ambacho usingedhani kimewahi kuwa kinywaji. Bibi aliacha kucheka, akasogeza kiti karibu.

Maelezo yake si magumu. Mvinyo una asidi nyingi, pH yake (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi) huwa kati ya 3 na 4 hivi, na rangi nyekundu inayotoka kwenye ganda la zabibu hubaki nyekundu kwa sababu ya asidi hiyo. Magadi ni kinyume cha asidi. Yakikutana na mvinyo yanaizima asidi, gesi inatoka ndiyo lile povu, na rangi inageuka. Mdomoni sidhani kama mambo yanafika mpaka kwenye kijani, maana magadi ya kwenye mlenda ni kidogo, lakini nadhani yanatosha kuufanya mvinyo ukose mwamko. Ongeza na ule utelezi unaofunika ulimi mzima, mvinyo utapenya wapi?

Jioni bibi akapika mwingine bila magadi, akaukamulia ndimu. Alinung'unika kwamba sasa huu ni mlenda wa wazungu. Mimi nikaula na Chenin Blanc baridi, mweupe, wa zabibu za hukuhuku, na safari hii vikaelewana. Chenin asili yake ni bonde la mto Loire kule Ufaransa, na sifa yake kubwa ni kwamba haipotezi uchachu wake upesi hata kwenye joto. Mafuta ya karanga yalikuwa yanausubiri uchachu huo. Nisiseme kilikuwa chakula cha maajabu, ila kila funda lilinirudisha kwenye tonge na kila tonge likanirudisha kwenye glasi.

Ukakasi nao niliuelewa nje ya glasi, si ndani. Msimu wa mavuno zabibu zinauzwa barabarani kwa ndoo, na nyingi ni hizi hizi za kutengenezea mvinyo: ndogo, ganda nene, mbegu za kutosha. Kula moja, meza nyama na maji yake, baki na ganda. Litafune polepole. Utahisi mdomo unakauka na fizi zinabana, kama mtu aliyekula bibo. Hiyo ndiyo tanini, inajishika na mate na kuyaondolea ule ulaini. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda, ndiyo maana unabeba rangi na ukakasi. Mweupe, zabibu hukamuliwa kwanza na maganda huwekwa kando. Ukishatafuna ganda mara moja hutasumbuka tena kuuliza watu wanasema nini wanapoutaja mvinyo kuwa na ukakasi au kuwa laini, utautafuta mwenyewe.

Na tanini hiyo hiyo iliyonisumbua kwenye mlenda, mpelekee mbuzi wa kuchoma wa mnadani Msalato uone. Nyama ina protini na mafuta ambayo tanini inayashika badala ya kushika mate yako, na chumvi inapunguza uchungu. Ule mwekundu mkavu unakuwa mpole ghafla. Hapa sina ubishi na mtu. Ila mbuzi huyo asiwe ameogeshwa pilipili! Pilipili na mvinyo mkavu wenye kilevi cha asilimia 13 ni moto juu ya moto, kwa sababu kilevi kinaongeza ule muwako.

Hapo ndipo ninapoachana na marafiki zangu wa mjini. Wapo waliohamia huku na ofisi zao baada ya serikali kuhamia Dodoma kweli kweli kuanzia 2016, wakakuta mji una mvinyo, wakaanza kujifunza. Vizuri. Lakini somo la kwanza walilolishika ni kuudharau mvinyo mtamu. Ukiwawekea wanasema huo ni wa sendofu, huo ni wa kina mama, huo ni Dompo tu, ule mvinyo mtamu wa hapa Dodoma. Nimekaa nao mezani wakihangaika na mkavu wao juu ya mishikaki ya pilipili, wanatokwa jasho, wanakunywa maji. Mimi mbele yangu mwekundu mtamu, umetoka kwenye friji, na sukari yake inaituliza pilipili bila kelele. Mvinyo uleule ningeuleta na samaki ningekuwa nimekosea adabu. Wao wanachagua chupa halafu wanatafuta chakula. Mimi siku hizi nauliza kwanza jikoni kuna nini.

Samaki kwa kweli sina mengi ya kusema. Perege wa Mtera akikaangwa akakauka, Chenin baridi, kipande cha ndimu, nimemaliza. Mwekundu na samaki mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni, hasa samaki wa mafuta. Dagaa ndio kabisa, usijaribu.

Kingine kinachoniudhi ni ule ushauri wa kunywa mwekundu kwa joto la chumba. Chumba cha nani? Waliosema hivyo walikuwa na nyumba za mawe kwenye nchi za baridi, nyuzi 16 au 18. Sebule yangu mwezi wa kumi na moja saa nane mchana inapita hapo mbali sana, na mvinyo wa joto unanuka kilevi tu, matunda yote yamejificha. Nusu saa kwenye friji inatosha. Julai, upepo wa Dodoma ukianza kupenya madirishani usiku, acha mezani, wenyewe utakuwa sawa.

Niliwahi kumwuliza mkulima mmoja kule Hombolo kwa nini chupa ya jina lilelile inanionjesha tofauti. Akanionyesha mkasi. Kwenye nchi za baridi mzabibu unapukutisha majani na kulala majira yote ya baridi, mavuno ni mara moja kwa mwaka. Huku haulali. Unaupogoa, unachipua, na baada ya miezi minne hivi unavuna. Kwa hiyo wakulima wanavuna mara mbili, karibu Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Mavuno ya masika yanakuja na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, na maji mengi kwenye tunda. Ya kiangazi sukari inakolea, na wenye viwanda wanayapenda. "Mvua ikiingia kwenye zabibu imeingia kwenye chupa," akasema, akaendelea kukata. Tangu siku hiyo nikikutana na mtu anayejua chupa imetoka kwenye mavuno gani, simwachii aondoke bila kumhoji. Kituo cha utafiti cha Makutupora kipo hapo kaskazini mwa mji, kazi yao ndiyo hiyo ya mizabibu, na natamani siku moja nipate ruhusa ya kuonja wanachokijua wao.

Bibi kabla hajaondoka aliuliza ule mwekundu uliobaki nitaumwaga. Nikamwambia hapana, ukifunikwa vizuri kwenye friji unakaa siku mbili tatu, na ukianza kuelekea kwenye siki unafaa kulainishia nyama. Akafikiri kidogo. Akasema ana paja la mbuzi nyumbani, gumu, la beberu mzee, na kama pombe inaisha motoni basi yeye haoni dhambi. Nikamwambia ukweli kwamba haiishi yote, inabaki kidogo hata ukichemsha muda mrefu. Akasema basi paja nipike mimi, yeye ataleta ugali na mlenda wake, na magadi atatia kama kawaida.