Peugeot Iliyopimwa kwa Mlango

Mwaka 1983 mjomba wangu, aliyekuwa na karakana ya useremala Ngamiani, mjini Tanga, aliamua kuligeuza gari lake dogo, Peugeot 404 lenye buti la nyuma, liwe stesheni wagoni, yaani gari ambalo paa lake linafika hadi nyuma na lina mlango wa nyuma badala ya buti. Nilikuwa likizo ya sekondari, na kwa kuwa sikuwa na kazi ya maana nyumbani nilikabidhiwa kwa fundi bodi niwe wa kushika, kusugua na kutumwa. Sababu ya mjomba ilikuwa ya biashara tupu. Milango ya mninga aliyotengeneza ilikuwa na urefu wa mita 2, na kila mteja wa Muheza au Pangani alipoagiza mlango, ilibidi ikodiwe pikapu ambayo gharama yake ilimeza faida yote. Kununua gari jingine halikuwa jambo la kufikiria: fedha za kigeni zilikuwa zimekauka nchini, vipuri vilipatikana kwa kujuana, na msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine ulikuwa umewafanya hata wenye mali halali waogope kuonekana na kitu kipya.

Wapo waliomshauri aliuze. Hakutaka kusikia. Peugeot 404 ilikuwa imeshinda Safari, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968, na katika ushindi wa 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania; kwa mjomba hiyo ilikuwa hoja ya kufunga mjadala wowote kuhusu magari.

Peugeot wenyewe walitengeneza stesheni wagoni ya 404, lakini ile ilirefushwa takriban sentimita 19 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Fundi alisema tangu mwanzo kwamba hilo hataligusa, kwa kuwa kusogeza magurudumu kungemlazimu kurefusha na shafti inayokwenda kwenye difu, gia inayozungusha magurudumu ya nyuma, kazi ambayo hakuna mashine ya Tanga aliyoiamini kwayo. Magurudumu yangebaki mahali pake, na nafasi ingetafutwa juu na nyuma tu. Mjomba akamjibu, "Fundi, mimi sitaki gari la maonyesho. Nataka gari linalolaza mlango, nalo likafungwa." Kesho yake akaleta ubao mwepesi alioukata kwa kipimo kamili cha mlango, mita 2 kwa sentimita 80, na ubao huo ukakaa gerejini hadi mwisho wa kazi. Kila kipande kabla ya kuchomelewa kiliulizwa kwanza kama ubao unapita.

Gari lile halikuwa na chesisi iliyotengana na bodi kama lori. Bodi yenyewe ndiyo iliyobeba kila kitu, paa likiwa sehemu ya nguvu hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kukata nguzo za nyuma, fundi alichomelea nondo za kukingama ndani ya nafasi za milango, ili bodi isije ikalegea katikati na milango ikakataa kufunga. Hapo spana boi mmoja akapendekeza tuchukue mabati ya Land Rover kuukuu iliyolala nyuma ya gereji. Fundi hakumkemea. Alimpa sumaku iliyotolewa kwenye spika, akamwambia aende akaibandike. Haikushika, maana bodi ya Land Rover ni ya alumini, na alumini haichomelewi na chuma. Bati la paa likatoka kwenye Kombi ya Volkswagen iliyokwisha kufa, pamoja na vioo vya ubavuni na mlango wa nyuma, ambao fundi aliupunguza pande zote mbili.

Uchomeleaji ndio ulionifunza subira. Gesi ilitengenezwa hapohapo kwa kabaidi na maji, na harufu yake ilikaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Bati jembamba likipata moto mwingi hujikunja, na likishajikunja halirudi. Kwa hiyo fundi alishika kidoti kimoja kushoto, akaruka hadi kulia, akarudi katikati, na mimi nilimfuata kwa tambara lililoloweshwa nikipoza kila kidoti kabla hakijasambaza joto. Puti, ile tope ya kujazia mabonde ya bati, na msasa vilikuja baadaye, na kwa hilo sina la kusimulia zaidi ya vumbi. Vioo, kinyume chake, vilikuwa burudani: kamba inalazwa ndani ya mfereji wa mpira, kioo kinasukumwa kutoka nje, na aliye ndani anaivuta kamba polepole hadi mdomo wa mpira unaruka juu ya ukingo wa bati wenyewe.

Yale mapezi mawili ya nyuma yenye taa, ambayo ndiyo uso wa 404 kwa nyuma, fundi alitaka kuyakata ili bodi inyooke. Mjomba alikataa, na naona alikuwa na haki. Gari lilitoka na mgongo wa Kombi na mkia wa Peugeot, sura ambayo haikuwahi kutoka kiwandani popote. Sakafu mjomba aliitandika mwenyewe kwa mninga.

Safari ya kwanza ilikuwa Pangani, barabara ya udongo. Mlango ulilala vizuri, lakini tulifika tukiwa wekundu kwa vumbi na vichwa vikiuma. Gari lenye mgongo uliosimama huacha upungufu wa hewa nyuma yake linapokwenda, na upungufu huo huvuta vumbi na moshi wa ekzosi kupitia kila mwanya wa mlango wa nyuma. Fundi aliweka mipira minene zaidi, akarefusha bomba la ekzosi hadi nje ya bampa na kulipinda upande wa kulia, na tatizo likapungua kwa kiasi cha kuvumilika.

Baada ya miezi kadhaa mwalimu mmoja wa Korogwe aliliona, akaleta Datsun yake afanyiwe vivyo hivyo. Fundi alimtajia bei mara mbili ya aliyolipa mjomba, tena yote mbele. Mwalimu akaondoka na Datsun yake ikiwa na buti lake.