Dawa za ADHD na Madhara Yasiyopiga Kelele

Wazazi wenzangu wanapoulizia dawa anazotumia mwanangu mwenye ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kumakinika, swali la kwanza huwa ni kama hatageuka teja. Hofu hiyo naielewa, kwa kuwa metilfenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin, ni kichangamshi na imo miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Hata hivyo, kwa mtoto anayepewa dozi aliyoandikiwa na daktari, huku mzazi akitunza vidonge mwenyewe, mimi huhofia zaidi madhara yasiyopiga kelele.

Kubwa kati ya hayo ni kupotea kwa hamu ya kula. Kidonge cha muda mfupi hufanya kazi kwa takriban saa 4, na vile vinavyoachia dawa polepole huweza kufika saa 12, kwa hiyo mtoto hushinda mchana kutwa bila kusikia njaa. Chakula cha mwanangu kilikuwa kikirudi kutoka shuleni kama nilivyokipakia: wali umegandamana, maharage yamekauka juu, embe limeng'atwa mara moja tu. Siku hizi hunywa uji wa karanga na kula mayai kabla ya kumeza kidonge, na usiku dawa inapoisha nguvu hupewa mlo kamili, hata kama ameshapiga mswaki. Utafiti wa MTA wa Marekani, uliolinganisha tiba za ADHD na ulioanza na watoto 579, ulionyesha baadaye kwamba waliotumia dawa mfululizo kwa miaka mitatu walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 2 kuliko wenzao wasiotumia. Si tofauti ya kutisha, lakini ndiyo sababu mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka urefu wa mtoto upimwe kila baada ya miezi 6, na mzazi ana haki ya kuidai chati ya vipimo hivyo kliniki.

Kuna dhara jingine ambalo watu wazima hulipenda, nalo ni ukimya uliopitiliza. Mtoto aliyekuwa hatulii anapokaa kama sanamu, hacheki wala habishani na dada yake, mwalimu hushukuru na nyumba hupumua, ilhali mara nyingi hiyo ni dalili kwamba dozi imezidi. Dawa hutolewa ili mtoto aweze kufuatilia jambo hadi mwisho, haitolewi ili anyamaze. Daktari akielezwa waziwazi, anaweza kupunguza dozi au kubadilisha aina ya dawa.

Usingizi kuchelewa, kichwa kuuma na hasira za jioni dawa inapoisha mwilini ni mambo ya kawaida, hasa mwanzoni, na mara nyingi hupungua saa ya kumeza ikirekebishwa. Atomoksetini, dawa nyingine ya ADHD ambayo si kichangamshi, huweza kuleta kichefuchefu na uchovu, na tangu mwaka 2005 nchini Marekani hubeba onyo kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, kwa hiyo mabadiliko yoyote ya hisia yaelezwe mapema.

Kabla ya kidonge cha kwanza, mweleze daktari kama kuna ndugu aliyefariki ghafla angali kijana au mwenye ugonjwa wa moyo, na uhakikishe mapigo ya moyo na shinikizo la damu la mtoto vimepimwa. Akizimia au akilalamika maumivu ya kifua baada ya kuanza dawa, apelekwe hospitali mara moja.