Maji mgongoni hapana, nimeacha

Tanga baiskeli tumezikuta, shuleni tunaenda nayo, sokoni tunaenda nayo, ila hii ya resi ni kitu kingine kabisa, haina keria haina kapu, na mtu anayetaka kwenda mbali lazima akae chini apange maji yatakaa wapi. Mara ya kwanza kwenda Horohoro, kule kaskazini mpakani na Kenya, kama kilomita 65 kwenda tu, nilitia kila kitu kwenye begi la mgongoni, maji lita tatu humo humo. Lita moja ni kilo moja, yaani kilo tatu zimeshakaa mabegani kabla hujaweka tyubu wala spana. Amboni tu mgongo umeshalowa chapachapa, na kwa vile kwenye resi unainama, mzigo unakushukia shingoni na kwenye viganja, nafika Duga vidole viwili vya kushoto vimekufa ganzi.

Sasa hivi mgongoni sibebi kitu. Chupa mbili za baiskeli za mililita 750 zinakaa chini kwenye fremu, na baiskeli ikibeba uzito chini inatulia hata upepo ukipiga wa ubavuni. Shida ni chupa ya tatu. Nlikua natumia ya nusu lita ya dukani, ile ni nyembamba kuliko kishikio cha chupa, nikapita kwenye rasta za barabarani ikaruka, ikabiringika katikati ya lami na nyuma yangu kuna basi linakuja. Namshukuru Mungu dereva aliiona. Nikampelekea fundi mmoja mzee wa Ngamiani nikijua ataniambia ninunue kishikio kingine, akaniambia "mwanangu, hapa panataka mpira tu," akakata vipande vya tyubu chakavu akaivisha chupa kama bangili mbili, ikabana vizuri. Mpira huo huo ndo nafungia pampu kwenye fremu na kifuko cha chini ya siti, na hicho kifuko kikaze kweli kweli maana kikilegea ukisimama kukanyaga mlima kinakuvuta huku na huku.

Humo ndani usikose tyubu mbili, viraka na solusheni. Mafundi wa njiani ni wazuri sana wa kuziba, ila tyubu ya tairi nyembamba yenye mdomo mrefu usitegemee kuikuta kijijini. Simu ifunge kwenye nailoni, jasho linaingia kila mahali.

Halafu upepo, hili watu hawalisemi. Msimu wa kaskazi, Januari hivi, unaenda Horohoro upepo unakupiga usoni, jasho linakauka hapo hapo unajiona uko poa, kumbe maji yanakutoka tu. Ukigeuza, upepo unakuja nyuma yako mnakimbia pamoja, hewa huisikii tena, joto linapanda na jasho linatiririka mpaka machoni, na hapo ndo wengi wameshamaliza chupa zote. Mi ile ya tatu, yenye bangili, naitia ile dawa ya chumvichumvi ya pakiti ya duka la dawa (pakiti moja kwa lita moja, kwa hiyo ya nusu lita nagawa nusu), naikaza nyuma ya siti mahali ambapo mkono haufiki nikiwa naendesha, na siifungui mpaka nimegeuza.